Jinsi ya kuingia kwenye AS/400 kutoka kwenye laptopu yako, na kwa nini kibodi "inakufa"

Haya wakuu, hii naiandika kwa ajili ya yule aliyepokea kazi mpya akaambiwa "data za miaka ya nyuma zote ziko kwenye AS/400, ingia uangalie", akapewa IP, jina na pasiwedi, basi, akaachwa peke yake. Umefungua dirisha jeusi lenye maandishi ya kijani, unabonyeza unabonyeza, mara chini pale inatokea X II na kibodi yote kimya, unadhani umeharibu mashine ya watu. Hujaharibu kitu. Nimekaa na hizi mashine miaka na inaniuma kuona vijana wanazichukia kwa sababu tu hakuna aliyewakalisha chini akawaambia jambo moja la mwanzo.

Jambo lenyewe ni hili: AS/400, ile kompyuta ya IBM inayotunza data za ofisi nzima, haikusikii wakati unaandika.

Kwenye Linux, au kwenye zile kompyuta za VAX za Digital na terminali zake za VT100 (terminali ni skrini na kibodi tu vilivyofungwa kwenye mashine), kila herufi unayobonyeza inasafiri mpaka kwenye mashine na mashine ndo inairudisha kwenye skrini yako, herufi moja moja, mashine iko na wewe muda wote. Terminali za 5250 za IBM hazikuwa hivyo. Mashine inakutumia skrini nzima kama fomu, hapa jina, hapa namba ya akaunti, hapa usiguse, halafu inaondoka zake kuhudumia wengine. Ni kama ile fomu ya karatasi ya benki, unakaa pembeni unajaza, unafuta, unarekebisha, karani hana habari na wewe kabisa mpaka uisogeze pale dirishani. Kuisogeza dirishani maana yake ni kubonyeza Enter, au kitufe chochote cha F, au kitufe cha kugeuza ukurasa. Hapo ndo skrini nzima inaenda kwa mkupuo mmoja na kibodi yako inafungwa mpaka jibu lirudi.

Ukishalishika hilo mengine yote yanaanza kuingia akilini, kwa hiyo usiliruke.

Historia fupi tu. IBM waliitoa AS/400 mwezi Juni 1988, imetengenezwa kule Rochester, jimbo la Minnesota, ikarithi mashine mbili za kabla yake, System/36 na System/38. Jina limebadilishwa mara nyingi, 2000 ikawa iSeries, 2006 System i, na tangu 2008 mfumo wenyewe unaitwa IBM i unakaa kwenye seva za Power, lakini ukienda kwenye chumba cha seva watu bado wanasema AS/400 na mimi nitasema hivyo hivyo. Zamani terminali zilifungwa kwa waya wa twinaksi, waya mmoja unabeba vifaa mpaka 7, kila kimoja na anwani yake kuanzia 0 hadi 6, unaweza kuuvuta kama mita 1500 hivi. Leo huo waya hauuhitaji, yale yale yaliyokuwa yanapita kwenye twinaksi yanapita ndani ya telnet, yaani njia ya kuingia kwenye mashine kupitia netiweki, na utaratibu huo unaitwa TN5250, uliandikwa kwenye RFC 1205 (RFC ni hati za taratibu za intaneti) mwaka 1991, baadaye ukaongezewa mambo kama kuchagua jina la kifaa na sesheni za printa, toleo lake la RFC 4777 ni la 2006.

Kabla hujagusa emuleta yoyote, yaani programu inayoifanya laptopu yako ijifanye terminali, nenda kwa anayeitunza hiyo mashine umuulize mambo matano. Anwani yake. Poti, maana kawaida ni 23 kwa telnet ya wazi na 992 kwa ile iliyofungwa kwa TLS, inayoficha kila kinachopita. Je, kuna jina la kifaa umetengewa au uache mashine ijipe lenyewe. Mashine inatumia jedwali gani la herufi, 37 au 285 au lingine. Na skrini za hizo programu ni za mistari 24 kwa safu 80 au ni zile pana za 27 kwa 132. Watu wanaruka hayo maswali halafu wanapoteza siku tatu, kwa hiyo uliza tu, hata kama unaona aibu.

Ukipata majibu pima kwanza kama njia iko wazi:

nc -vz 10.20.0.5 23

(weka anwani yako wewe). Ikisema imefunguka, poa. Ikiganda bila kujibu, kuna fayawoli katikati na hakuna emuleta itakayokusaidia, mtafute mtu wa netiweki. Ikikukatalia hapo hapo, mashine unaifikia lakini seva ya telnet haijawashwa, mwambie mhusika aandike STRTCPSVR SERVER(*TELNET) upande wake na ahakikishe pia QINTER iko hai, maana hicho ndo kitengo cha ndani kinachopokea watu wa skrini.

Sasa emuleta. Ukiingia na PuTTY au telnet ya kawaida mara nyingi skrini utaipata, kwa sababu seva ya telnet ya AS/400 inajua pia kuongea na VT100 na VT220, inaitafsiri fomu yake iende herufi herufi. Ila utateseka na vitufe, F3 inakuwa ubonyeze Esc halafu 3, na hivyo hivyo kwa vingine, ni njia ya dharura tu siyo ya kufanyia kazi kutwa. Tafuta emuleta ya 5250 yenyewe. IBM wana Access Client Solutions, imeandikwa kwa Java kwa hiyo inatembea kwenye Windows, Mac na Linux, na kama ofisi yako ina leseni anza na hiyo, ndo ambayo mtu wa msaada akikupigia simu atakuwa anaiona mbele yake. Kuna tn5250j, nayo ya Java, ya bure. Kwenye simu kuna Mocha TN5250, inafaa kuangalia kitu haraka ukiwa njiani. Mimi kwenye Linux natumia tn5250, ile ya kawaida ya kwenye terminali, Debian na Ubuntu unaivuta kwa apt install tn5250 na ni nyepesi kweli.

Komandi yake ikikamilika inakuwa hivi:

tn5250 map=37 env.TERM=IBM-3179-2 env.DEVNAME=UHASIBU01 10.20.0.5

Kila kipande kina kazi. TERM inamwambia AS/400 wewe ni terminali ya aina gani, IBM-3179-2 ni ya rangi ya 24 kwa 80, ukitaka ile pana weka IBM-3477-FC na upanue dirisha lako kwanza, safu 132 na mistari zaidi ya 27, ukilisahau hilo skrini haitatosha. Hapo nyuma, kabla hujaona chochote, mashine na emuleta zinapatana mambo matatu: aina ya terminali, data ziende kama zilivyo bila kuguswa, na alama ya mwisho wa kila rekodi. Hiyo alama ya mwisho ndo inayofanya mashine ijue fomu imeishia wapi. Wasipopatana kwenye hayo hakuna 5250.

DEVNAME ni jina la kifaa, lisizidi herufi 10 na lianze na herufi. Usipoweka, mashine inakupa yenyewe kitu kama QPADEV0003, leo namba hii kesho nyingine. Kwa mtu wa kuangalia tu haina shida. Ila programu nyingi za zamani zinaangalia jina la kifaa ndo zijue ripoti itoke printa gani, au meseji ziende kwa nani, na hapo jina la kubahatisha linakuletea ripoti za mishahara kwenye printa ya mapokezi. Na jina moja ni la sesheni moja. Sehemu moja niliyowahi kufanya kazi kila asubuhi mtu mmoja wa stoo anakataliwa kuingia na kodi 8902, leo yeye, kesho mwenzake, ikaonekana pasiwedi zao zina matatizo, zikabadilishwa weee bila faida, kumbe aliyezifunga zile kompyuta alikopi faili la mipangilio kutoka moja kwenda nyingine na DEVNAME ikabaki ile ile. Anayewahi anaingia, anayechelewa anakosa.

Hizo kodi zenyewe zijue chache. I902 ni nzuri, sesheni imeanza. 8902 kifaa hakipatikani, mara nyingi kuna mtu yumo tayari au kimekwama. 8901 kipo lakini hakijawashwa, mtunzaji ataandika VRYCFG CFGOBJ(UHASIBU01) CFGTYPE(*DEV) STATUS(*ON) na kama hajui kiko kwenye hali gani aangalie kwanza kwa WRKCFGSTS. 8925 au 8940 maana yake mashine imeshindwa au imekatazwa kukutengenezea kifaa kipya, hapo mwambie aangalie mpangilio wa QAUTOVRT, ikiwa 0 haitengenezi kifaa chochote yenyewe.

map=37 nimeiacha mwisho kwa sababu ndo inayosumbua kimya kimya. Kompyuta huhifadhi kila herufi kama namba, na AS/400 haitumii ASCII, mpangilio wa namba wa laptopu yako, inatumia wa kwake unaoitwa EBCDIC. Herufi A kwenye laptopu yako ni 41 kwa heksa, kule ni C1. Emuleta ndo mkalimani, na ili atafsiri sawa lazima ajue jedwali lipi. Sasa jedwali 37 la Marekani na 285 la Uingereza yanafanana karibu kila kitu, herufi zote A hadi Z na namba zote ziko sawa, kwa hiyo ukikosea unaingia, unafanya kazi, huoni tatizo. Mpaka ukutane na alama ya dola. Kwenye 37 dola inakaa 5B, na kwenye 285 hapo hapo 5B inakaa alama ya pauni. Yaani orodha ya bei iliyoandikwa kwa dola wewe unaisoma kwa pauni, namba zile zile, sarafu nyingine! Na ikiwa pasiwedi yako ina $ ndani yake, unaibonyeza sawasawa kabisa na mashine inapokea alama nyingine, inakukatalia, unajaribu tena, na AS/400 ina kikomo cha kujaribu kinachoitwa QMAXSIGN, ukikifikia inafunga profaili yako (akaunti yako ya kuingilia) au kifaa au vyote viwili kutegemea walivyopanga QMAXSGNACN. Kwa hiyo ukikataliwa mara mbili acha. Usijaribu ya tatu kwa hasira. Angalia map kwanza, na ukipewa nafasi ya kuchagua pasiwedi achana na hizo alama kabisa, tumia herufi na namba.

Ukifanikiwa unaiona skrini ya Sign On, juu kulia kuna jina la mfumo, QINTER, na jina la kifaa chako, lisome uhakikishe ni lile ulilopewa. Andika jina, bonyeza Tab, andika pasiwedi, haitaonekana hata kwa nyota, endelea tu, Enter. Zile fildi (nafasi za kujaza) nyingine za chini, programu, menyu, laibrari, ziache wazi kama hujaambiwa.

Sasa vitufe, na hapa nataka twende taratibu maana ndipo X II inapozaliwa. Umeweka kishale sehemu isiyo fildi ukaandika. Ile fomu ina sehemu za kujaza na sehemu za kusoma tu, ukiandika juu ya sehemu ya kusoma terminali yenyewe, siyo mashine, inakukatalia na kosa 0005 na kufunga kibodi. Dawa ni kitufe cha Reset. Kwenye emuleta za IBM Reset ni Ctrl ya kushoto, kwenye tn5250 ni Ctrl na R. Bonyeza mara moja, kibodi inafunguka, rudi kwenye fildi kwa Tab siyo kwa mishale, endelea. Hakuna kilichopotea kwa sababu fomu bado iko kwako, haijafika dirishani. Ila ukiona X SYSTEM hiyo ni tofauti, umeshatuma na mashine inafanya kazi, hapo subiri, usibonyeze Enter mara kumi.

Kitufe cha pili ambacho laptopu haina ni Field Exit. Kinafanya mambo mawili, kinafuta kilichobaki kulia ya kishale ndani ya fildi na kukupeleka fildi inayofuata, na kwenye fildi za namba kinasogeza namba ikae upande wa kulia. Mfano fildi ilikuwa na 15000 wewe unataka 200, umeandika 200 juu yake ukabonyeza Tab, kilichobaki pale ni 20000, na ndicho kitakachotumwa. Ukibonyeza Field Exit inabaki 200. Hili limeharibu hesabu za watu kweli kweli, nakuomba fungua mipangilio ya kibodi ya emuleta yako leo hii uone Field Exit imewekwa wapi, na ikibidi ihamishie sehemu kidole chako kinafika bila kutafuta. Kwenye kibodi halisi za 5250 ilikaa pale tulipozoea Enter, na Enter yenyewe ilikuwa chini karibu na ilipo Ctrl ya kulia, ndo maana wazee wa hizo mashine wakikaa kwenye laptopu yako wanabonyeza Ctrl ya kulia. Kuna pia Field Minus, ya kufanya namba iwe hasi, andika namba kisha kitufe hicho, siyo alama ya kutoa mbele.

F13 mpaka F24 ni Shift pamoja na F1 mpaka F12. F3 kutoka, F12 kurudi nyuma hatua moja, F4 kwenye komandi inakufungulia vipengele vyake vyote ujaze, hiyo F4 ndo mwalimu mzuri kuliko mwalimu yeyote, andika WRKACTJOB halafu F4 uone. Ukisoma maelekezo ya zamani yanasema Roll Up, hiyo ni Page Down, walihesabu karatasi inavyopanda juu siyo macho yanavyoshuka.

Usalama sasa. Telnet ya poti 23 inapitisha pasiwedi yako wazi. Kuna watu wanasema ah, iko kwenye EBCDIC nani ataisoma. Wireshark, programu ya kunasa yanayopita kwenye netiweki, inaisoma bila shida, EBCDIC ni jedwali tu la herufi siyo kufuli. Ukiwa nje ya ofisi usiguse 23 kabisa. Kama mashine imewekewa TLS:

tn5250 ssl:10.20.0.5

Haijawekewa lakini SSH, njia nyingine ya kuingia inayoficha yanayopita, imewashwa? Pitisha telnet ndani ya handaki:

ssh -L 2323:localhost:23 jina@10.20.0.5

halafu kwenye dirisha lingine

tn5250 localhost:2323

Hapo kati ya laptopu yako na mashine kila kitu kiko ndani ya SSH. Na kama sesheni yako inakatika kila ukinywa chai, hasa ukipita kwenye ruta za njiani, tatizo mara nyingi ni kwamba hakuna kinachopita na ruta inaisahau njia yako, kumbuka mashine haiongei na wewe mpaka utume fomu, ukimya ndo hali yake ya kawaida. Mtunzaji anaweza kupunguza TIMMRKTIMO kwenye komandi ya CHGTELNA, kawaida iko sekunde 600, ili mashine iwe inagonga mara kwa mara kuuliza kama upo.

Huna mashine ya kujifunzia? pub400.com, seva iko Ujerumani, unajisajili bure unapata akaunti ya IBM i halisi. Fanyia makosa huko.

Na ukimaliza usifunge dirisha kwa kubonyeza ile X ya juu. Ukifunga hivyo mashine inaona kifaa kimepotea ghafla, na kwa mpangilio wake wa kawaida wa QDEVRCYACN kazi yako haifi, inatenganishwa tu na kuwekwa pembeni ikisubiri urudi, muda wa kusubiri wa kawaida ni dakika 240, na wakati wote huo ile rekodi ya mteja uliyokuwa umeifungua bado imeshikiliwa kwa jina lako, mwenzako anajaribu kuifungua anaambiwa inatumika. Saa 4 nzima. Kwa hiyo F3 mpaka urudi kwenye menyu, andika SIGNOFF, Enter. Umekwama kwenye skrini isiyotoka? Bonyeza SysReq, kwenye emuleta za IBM ni Shift na Esc, utaona mstari umetokea chini kabisa, andika 90, Enter, inakutoa. Ikiwa unataka tu kwenda kula na urudi pale pale ulipoishia, badala ya 90 andika 80, ila uwe umetoka kwenye rekodi za watu kwanza. Skrini ya Sign On ikirudi na jina la kifaa chako juu kulia, sasa funga dirisha.